Hita ya Maji Isiyochemsha: Pima Kwanza, Nunua Kifaa Baadaye

Hita ya maji ya umeme yenye tangi ina sehemu chache zinazoharibika: elementi inayochemsha maji, themostati inayoamua kiwango cha joto, kikata-joto kinachokata umeme maji yanapozidi moto, viungio vya waya, na vali ya usalama inayopunguza presha. Hata hivyo, maji yanapokataa kupata moto, wengi wetu hukimbilia kununua elementi mpya na kuifunga, kisha baada ya miezi michache tatizo lile lile hurudi, kwa sababu kilichoiua ile ya kwanza kimebaki ndani ya tangi. Somo hili linahusu namna ya kukitafuta.

Hatua ya kwanza ni kuzima breka ya hita kwenye ubao wa umeme. Usitegemee swichi ya ukutani peke yake, kwani ikiwa imefungwa kimakosa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta), hita hubaki na umeme hata kama taa yake imezimika. Fungua kifuniko, kisha pima kwa multimita, yaani mita ya kupimia umeme, kati ya laivu na nyutro, laivu na ardhi, na nyutro na ardhi. Kote usome sifuri. Jaribu mita hiyo kwenye soketi yenye umeme kabla na baada ya kupima, ili usije ukaamini sifuri ya mita mbovu. Bisibisi ya testa haitoshi kwa kazi hii. Ikiwa huna mita, au sheria za mahali ulipo zinataka kazi hii ifanywe na fundi aliyesajiliwa, ishia hapa umwite.

Hatua ya pili ni kutazama na kunusa. Kiungio kilicholegea hupata moto kuliko waya wenyewe, hivyo plastiki yake hugeuka kahawia, kisha huwa nyeusi, na ncha ya waya hupoteza mng'ao. Ukikuta hali hiyo, kata sehemu iliyoungua, menya waya upya, badilisha kiungio na ukikaze barabara. Nimekwisha kuona hita iliyotangazwa kuwa imekufa ikipona kwa skrubu moja tu iliyokazwa vizuri.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kupima elementi. Chomoa waya zake zote, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), kisha gusisha vijiti vya mita kwenye ncha mbili za elementi. Kiasi unachotarajia hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti, halafu kugawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye elementi. Kwa umeme wa volti 230, elementi ya wati 1500 husoma takriban omu 35, ya wati 2000 takriban omu 26, na ya wati 3000 takriban omu 18. Mita ikionyesha kuwa njia imekatika, waya wa ndani umekatika na elementi imekwisha. Kisha pima kati ya kila ncha na bamba la chuma linaloshika elementi: hapo mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, umeme unavuja kwenda kwenye maji na kwenye mwili wa tangi, nayo ni hatari hata kama maji bado yanapata moto.

Elementi ikiwa nzima, geukia themostati. Maji yakiwa ya baridi na kirekebisha-joto kikiwa juu, mguso wake unapaswa kuwa umefunga, yaani mita isome karibu na sifuri. Usipofunga, tafuta kitufe kidogo cha kikata-joto, mara nyingi chekundu, ukibonyeze. Kikitoa mlio mfupi na njia ikarudi, usifurahie mapema: kilikatika kwa sababu maji yalizidi moto, na mara nyingi miguso ya themostati ndiyo iliyogandamana. Badilisha themostati. Kamwe usikipite kikata-joto kwa kipande cha waya, hata kwa usiku mmoja, maana tangi lisilo na kikomo cha joto, vali yake ikiziba, linaweza kupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta.

Inapobidi kutoa elementi, subiri maji yapoe, funga maji yanayoingia, fungua bomba la maji moto ili hewa ipate kupita, kisha mwaga tangi. Fungua nati na uvute polepole. Itazame kwa makini kabla ya kuitupa. Ganda jeupe gumu maana yake ni chokaa iliyozuia joto kutoka, mpaka elementi ikajiunguza. Ufa uliotoa unga mweupe au wa kijivu maana yake ni kwamba ala ya chuma imepasuka na maji yameingia kwenye kihami, yaani unga unaozuia umeme kufika kwenye ala. Elementi iliyoungua bila ganda lolote, tena upande wa juu tu, kwa kawaida iliwashwa tangi likiwa halijajaa. Katika hali ya kwanza, kufunga mpya bila kusafisha chokaa iliyolala chini ya tangi ni kazi bure. Kagua pia fimbo ya magnesi (aina ya metali) inayolinda tangi dhidi ya kutu. Ikiwa imebaki waya wa katikati tu, ibadilishe pamoja na gasketi.

Unaporudisha, jaza tangi bomba la maji moto likiwa wazi. Litakohoa hewa, litarusha maji kwa vipande, kisha litatiririka bila kukatika. Hapo ndipo uwashe breka.

Maswali ya wanachama

Swali: Breka yangu hukatika dakika kumi baada ya kuwasha, lakini mita haionyeshi uvujaji. Nifanyeje?

Jibu: Ufa mdogo hufunguka elementi inapopata moto, ilhali multimita hupima kwa volti chache, tena elementi ikiwa baridi. Omba fundi aipime kwa kipima-kihami cha volti 500. Njia nyingine ni kuzima umeme, kuchomoa waya zote za elementi na kuzifunika ncha salama, kisha kuwasha. Breka ikitulia, elementi ndiyo yenye kosa.

Swali: Vali ya usalama hudondosha maji kila hita inapowaka. Je, niizibe?

Jibu: Usiizibe kamwe. Maji ya lita 50 yakipanda kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 huongezeka takriban robo tatu ya lita, na kama mfumo wako hauna tangi la kupokea ongezeko hilo, lazima yatokee mahali. Ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa, pima presha ya maji yanayoingia. Ikiwa ya kawaida, badilisha vali.

Swali: Maji hupata moto lakini huisha upesi kuliko zamani.

Jibu: Tangi lako likiwa na elementi mbili, anza na ya chini. Likiwa na moja, tazama bomba la ndani linaloshusha maji baridi: likivunjika, maji baridi huchanganyika juu na ya moto kabla hujayatumia.

Swali: Naweza kupunguza joto hadi nyuzi 45 ili nisiunguze umeme mwingi?

Jibu: Sikushauri. Bakteria wa lejonela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, huzaliana katika maji ya vuguvugu, hivyo tangi libaki kwenye nyuzi 60, na uweke vali ya kuchanganya kabla ya bomba la kuogea ili watoto na wazee wasiungue.