Kutoka ridhaa hadi ngumi za kulipwa: kuna raundi ya nne

Pambano langu la kwanza la kulipwa lilikuwa la raundi nne. Kengele ya kumaliza raundi ya tatu ilipolia niliinua mikono juu, nikamkumbatia mpinzani wangu, nikaenda katikati ya ulingo kumsubiri refa atushike mikono. Ukumbi mzima ukacheka. Kocha alinivuta kaptura hadi kwenye kiti, akanimwagia maji kichwani: "Bado moja, wewe!" Nilikuwa nimepigana ridhaa mara 62, na mwili ulishazoea kwamba ya tatu ikiisha, kazi imeisha. Sikuwa nimebakiza kitu. Hiyo ya nne niliimaliza nimeegemea kamba, nikapona kwa pointi, tena kwa chupuchupu.

Siku hizi nafundisha. Kijana akinijia na kusema, "Kocha, nataka kuanza kulipwa," simuulizi ana medali ngapi. Namuuliza amepigana na mashoto wangapi, amewahi kuangushwa akainuka, na je, amewahi kushinda siku ambayo mkono wake mzuri ulikuwa unauma? Ridhaa ni shule ya bure. Ndani ya wiki moja ya mashindano unaweza kukutana na watu wanne wa mitindo minne, na ukipoteza hakuna anayekukata hela. Ukishavuka, kila kipigo kinaandikwa kwenye rekodi na promota anakisoma kabla hajapokea simu yako. Kwa hiyo mimi humwambia kijana abaki ridhaa hadi aache kushangaa. Akipanda ulingoni mara kumi mfululizo bila kuona kitu kipya, tutazungumza.

Na medali isikulevye. Pete Rademacher alichukua dhahabu ya Olimpiki ya uzito wa juu mwaka 1956, na mwaka uliofuata, katika pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa, akapanda kupigania ubingwa wa dunia dhidi ya Floyd Patterson. Alimwangusha Patterson raundi ya pili, kisha akaanguka yeye mara kadhaa hadi akahesabiwa raundi ya sita. Linganisha na Muhammad Ali, wakati huo Cassius Clay. Alitoka Roma na dhahabu yake mwaka 1960, akaanza na raundi sita dhidi ya Tunney Hunsaker, na ubingwa aliupata 1964. Hata Vasyl Lomachenko, dhahabu mbili za Olimpiki shingoni, alipoteza pambano lake la pili la kulipwa mwaka 2014 mbele ya Orlando Salido. Salido alikuwa amezidisha uzito, ni kweli, lakini nenda ukaangalie alivyopigana: alikuwa akibana, akiegemea, akipiga mbavu na chini ya mbavu, raundi baada ya raundi. Na sisi tuna Philip Waruinge wa Kenya. Mwaka 1968 alirudi na shaba pamoja na kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote wa Olimpiki ile, 1972 akaongeza fedha. Alipoingia za kulipwa ubingwa wa dunia aliupigania, hakuupata. Ufundi haukumpungukia. Ni kazi nyingine tu.

Kinachobadilika kwanza ni mwendo. Ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu, kwa hiyo unawahi, unapiga mfululizo wa ngumi tano sita ili majaji wakuone, unatoka. Za kulipwa zinapanda ngazi: nne, sita, nane, kumi, hadi 12 kwenye ubingwa. (Zilikuwa 15. WBC, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, walipunguza baada ya Duk Koo Kim kufariki mwaka 1982 kutokana na pambano lake na Ray Mancini.) Wanawake wa kulipwa kwa kawaida hupigana raundi za dakika mbili, na mwisho wao ni kumi. Mimi nikimwandaa mtu wa raundi nne, mazoezini anapigana sita, na katika mbili za mwanzo namkataza ngumi za nguvu. Anatumia mkono wa mbele na miguu tu. Wanachukia sana zoezi hili. Lakini hapo ndipo wanapojifunza kupumua huku wanapigana, na kupumzika wakiwa wamesimama karibu na mtu anayetaka kuwaumiza.

Pili, mwili. Vesti unavua, kinga ya kichwa huna, ingawa wanaume wakubwa wa ridhaa nao waliivua tangu 2013. Glovu ni nyembamba zaidi, kwa kawaida aunsi 8 hadi uzito wa welta na aunsi 10 kuanzia hapo kwenda juu. Utaisikia tofauti kwenye ngumi ya kwanza utakayoikinga kwa kiganja. Ngumi ya tumbo, ambayo ridhaa ilikuwa haikuletei sifa, huku ni akiba: unaiweka raundi ya pili, unakuja kuitoa ya saba.

Bandeji nazo. Huku unafungwa kwa shashi na plasta, mtu wa kona ya mpinzani amesimama pale anakodoa macho, kisha msimamizi anasaini juu yake kwa kalamu kabla hujavaa glovu. Tanua vidole wakati unafungwa. Kunja ngumi kila baada ya mizunguko miwili. Ukisikia ganzi kwenye kidole gumba, sema hapo hapo ifunguliwe, hata kama wanakuharakisha. Mimi nilinyamaza mara moja, nikavunja mfupa wa nyuma ya kiganja.

Mfupa huo unanileta kwenye karatasi. Mkataba wangu wa kwanza niliusaini juu ya begi la vifaa, mkono mmoja ukiwa tayari na bandeji, nusu saa kabla ya kupanda. Nilidhani ni miaka miwili. Ukurasa wa tatu ulisema muda wowote nitakaokuwa majeruhi unaongezwa mwishoni, na promota ana hiari ya kuurefusha akipenda. Nilikaa naye karibu miaka mitano, mingi nikisubiri simu. Kwa hiyo usisaini siku ya pambano, hata uambiwe ukumbi umejaa. Ondoka na nakala, mpe mwanasheria, ulizia mambo matatu: unaisha tarehe gani, nani anaweza kuurefusha, na umeahidiwa mapambano mangapi kwa mwaka.

Tena ujue nani ni nani. Promota ananunua pambano na kuuza tiketi, anataka kukulipa kidogo. Meneja ni wako, kazi yake ni kumbana promota. Mtu mmoja akivaa kofia zote mbili, wewe huna mtu. Marekani waliliwekea hilo sheria mwaka 2000, yenye jina la Ali mwenyewe. Meneja huweza kuchukua hadi theluthi, kocha asilimia kumi, mtu wa kuziba majeraha mbili au tatu. Yaani kwenye kila mia unaweza kubaki na kama 54 kabla ya kodi, vipimo na nauli. Piga hesabu hiyo kabla hujaacha kazi yako.

Vipimo usivikwepe: damu kwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini, macho, na picha ya ubongo. Ukipigwa KO utafungiwa kwa muda. Wapo wanaokwenda kupigana kwingine kwa siri kabla muda haujaisha. Bondia wangu akifanya hivyo simpandii kona tena. Robert Wangila, dhahabu ya Seoul 1988, alifariki 1994 baada ya pambano Las Vegas. Kichwa kikiuma baada ya mazoezi, niambie mimi kabla ya mama yako.

Uzito unapimwa siku moja kabla, si kila asubuhi ya pambano kama ulivyozoea, na hapo vijana wanaona nafasi ya kujikausha maji washuke madaraja mawili. Shuka moja, taratibu, au usishuke.

Ukipoteza la kwanza, pumzika, kisha rudi. Bernard Hopkins alipoteza la kwanza mwaka 1988, akaja kutetea ubingwa wa uzito wa kati mara 20.

Siku yako ya kwanza, mtu wa kona akuonyeshe kwa vidole raundi zilizobaki kila ukikaa. Mimi hufanya hivyo kwa wote. Wa mwisho kumwandaa alinitazama kama mwehu nilipomwonyesha kidole kimoja. Ya nne ilipoisha alikuja akakaa kwenye kiti, akafungua mdomo nimtoe kinga ya meno nimpe maji, na refa akabaki katikati peke yake anamwita.