Kupulizia Salfa Mikorosho Iliyoingiwa na Ubwiriunga

Mikorosho inapoanza kuchanua, ambayo kwa sehemu nyingi za Mtwara na Lindi ni kuanzia mwezi Juni, ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa kuvu, nao huamka. Shika shada changa la maua na ulisugue taratibu kwa kidole gumba. Ukibaki na ungaunga wa kijivu kama wa makopa, kuvu imekwisha kuingia. Salfa, ambayo ni dawa ya unga, huzuia kuvu isiote, lakini haifufui ua lililokwisha kuungua, na kwa sababu hiyo anayesubiri mti mzima ugeuke kijivu ndipo akakodi mashine anapuliza fedha zake hewani.

Kazi yenyewe hutangulia dawa. Baada ya mavuno, pogoa machipukizi yaliyojificha ndani ya mti na chini ya matawi, kwa kuwa vimelea hujihifadhi humo kwenye kivuli hadi msimu ufuatao, kisha palilia ili mpulizaji aweze kuuzunguka mti bila kujikwaa.

Puliza alfajiri, majani yakiwa bado yamelowa umande na upepo umetulia, maana unga hushika palipo na unyevu na jua likipanda hupeperuka. Simama upepo ukitokea mgongoni. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 250, yaani robo kilo, kwa mti mkubwa, na hurudiwa kila baada ya siku 14 hadi korosho changa zikaze. Wapo wanaozidisha ili “dawa ishike”. Lakini salfa inayomwagika chini huongeza tindikali katika udongo wetu wa kichanga, ambao tangu awali ni dhaifu. Viuatilifu vya maji huchukua nafasi ndefu zaidi kati ya mpulizo na mpulizo, kwa hiyo fuata kibandiko, wala usitumie aina moja msimu hadi msimu, kwani kuvu huizoea.

Vaa barakoa, miwani na nguo za mikono mirefu. Unga wa salfa huwasha macho vibaya na hushika moto, hivyo usivute sigara karibu nao, wala usijaze petroli mashine ikiwa bado ya moto.

Mti unaogeuka manjano na kukauka tawi baada ya tawi huenda una mnyauko fuzari, ambao hukaa ardhini na salfa haiufikii. Kwa ugonjwa huo mwite afisa ugani, au uulizie kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara, kabla panga lililoukata halijagusa mti mwingine.