Damu Inaruka: Kandamiza Kwanza, PF3 Baadaye

Pikipiki ikigongwa barabarani, watu hujaa haraka. Wengi wao wanajua kuwa damu ile inapaswa kuzuiwa, ila kila mmoja anasubiri mwenye mamlaka: trafiki, nesi, au ndugu wa majeruhi. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla hata huyo anayesubiriwa hajapigiwa simu.

Kwa Watanzania wengi, kinachotia mikono ganzi ni PF3. Fomu hiyo ni ya polisi, kwa kumbukumbu na ushahidi. Haihusiani na wewe kukandamiza kidonda pale barabarani. Kenya, P3 nayo ni karatasi ya ushahidi, na Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ruhusa unayohitaji ni ya majeruhi mwenyewe akiwa na fahamu. Mwambie: "Kaka, nakubana hapa damu isimame, utaumia kidogo." Kama amezimia, usimngoje ndugu yake. Anza.

Lakini usigongwe na wewe. Mtume mtu mmoja aweke matawi barabarani, mbali kidogo kila upande, na pikipiki izimwe. Usiseme "jamani pigeni simu", maana hapo hapigi mtu. Nyoosha kidole: "Wewe dada wa mtandio wa bluu, piga 112. Wewe, tafuta bajaji." Watu wanaosubiri kuambiwa hutii haraka wakipewa kazi kwa kuonyeshwa.

Sasa itafute damu. Madereva wa bodaboda huvaa majaketi mazito, na damu nyingi hujificha humo. Pitisha mkono kwapani, mgongoni, kinenani na nyuma ya mapaja, kisha uutazame. Damu isiyosubiri ni ile inayoruka kwa mapigo, inayotiririka bila kukatika, inayofanya dimbwi au kulowesha nguo nzima. Majeruhi aliyekuwa anapiga kelele akianza kunyamaza na kuchanganyikiwa, amepoteza nyingi tayari.

Vaa glavu au mfuko wowote wa nailoni mkononi, hata ule wa mkate. Kunja khanga au fulana safi, iweke juu ya mahali hasa damu inapotokea, weka viganja viwili kimoja juu ya kingine, nyoosha viwiko, kisha egemea kwa uzito wa mwili. Majeruhi alale chini pagumu. Akiwa juu ya godoro, nguvu zako zinaishia kwenye godoro. Shikilia dakika 10 mfululizo kwa saa ya simu. Usichungulie, maana kila unapoinua kitambaa unabandua damu iliyoanza kuganda.

Damu ikiendelea kupenya, mara nyingi mikono iko pembeni ya chanzo au inabana kwa woga. Sogea, ongeza uzito. Ukirundika vitambaa vitano bila kuongeza nguvu, vinanyonya tu damu na kukuficha kinachoendelea. Kidonda kikiwa shimo refu kwenye kinena, kwapa au bega, sindilia ukanda wa khanga ndani kwa vidole mpaka mwisho wa shimo, lijae, kisha kandamiza juu. Kifuani na tumboni usisindilie kitu. Kama kuna chuma au kioo kimechomeka, kiache palepale na ubane pande zake mbili. Ukikichomoa, unaondoa kizibo.

Mkono au mguu ukikataa kusimama damu hata baada ya kukandamiza, au ukiwa umekatika, funga kwa kijiti. Hapa ndipo watu wengi hukosea, hivyo soma polepole. Kunja khanga iwe ukanda wa upana wa sentimita 5 na urefu wa kama mita 1. Uzungushe sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, upande wa kuelekea kiwiliwili, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko. Kidonda kikiwa karibu chini ya kiungo hicho, panda juu yake. Funga fundo la kwanza, laza spana au kijiti kigumu cha sentimita 15, funga fundo la pili juu yake, kisha zungusha kijiti mpaka damu isimame kabisa. Kifunge kisirudi. Kalamu huvunjika, mkanda wa suruali haukazi vya kutosha, kamba nyembamba na waya hukata nyama.

Majeruhi atalia kwa maumivu. Usilegeze kwa huruma. Ukifunga nusunusu unaziba mishipa inayorudisha damu tu, ile inayoileta inaendelea kusukuma, na kidonda kinatoka damu zaidi kuliko mwanzo. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake, pamoja na neno mchana au usiku. Kazi ya kufungua ni ya hospitali, na majeruhi afikishwe huko ndani ya saa 2.

Kataa kahawa, udongo, mafuta ya taa na dawa ya meno kwenye kidonda, hata anayevileta akiwa mzee wa kuheshimiwa. Mshukuru, mwombe ashike khanga ya kumfunika majeruhi, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Asinywe maji wala soda. Usimvue helmeti ikiwa anapumua.

Gari la wagonjwa likichelewa, bajaji au pikapu ni bora kuliko mshikaki (kupakiwa watatu) kwenye pikipiki, kwa sababu anayekandamiza lazima aendelee kukandamiza njia nzima. Kichwa na shingo vishikwe vinyooke mnapombeba.

Mikono ya kuthubutu hutengenezwa nyumbani. Kunja blanketi liwe kama paja, chukua khanga na mwiko, rudia kufunga mpaka usifikirie. Msalaba Mwekundu, Tanzania na Kenya, hufundisha huduma ya kwanza kwa yeyote, si wahudumu wa afya pekee.

Hospitalini mwambie nesi mambo matatu: damu ilitoka wapi, ulifanya nini, saa ngapi. Kisha nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Damu ikiwa imekuingia machoni au kwenye mchubuko wako, usiondoke: omba dawa za PEP, zile za kuzuia maambukizi ya VVU, hapohapo. Zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na humezwa kwa siku 28.