Apu isizime mkononi mwa mteja: kudaka eksepsheni kwenye Kotlin

Mama mmoja mwenye duka kule Kikuubo alinipigia asubuhi, we kijana apu yako inazima kila nikiandika bei. Nikaenda nimtazame anavyoandika: 5,000, na koma yake, kama tunavyoandika wote hapa Kampala. Kwenye kodi ya Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android (si kodi ile ya URA, watoza ushuru wa Uganda), nilikuwa nimeweka toInt() tupu, ya kugeuza maandishi kuwa namba, na toInt() haijui koma, inatupa NumberFormatException, ndo eksepsheni hiyo, kosa linalozuka apu ikiwa inafanya kazi, hakuna wa kuidaka, apu chali.

Wengi hapa wanakimbilia try na catch: try inajaribu kazi, catch inadaka kosa likizuka. Ngoja kwanza. Koma si ajali, unajua kabisa itakuja, kwa hiyo iondoe halafu tumia toIntOrNull(), ikirudisha null (yaani si namba) mwambie "Andika bei kwa namba", yameisha. try weka kwa vitu visivyo mikononi mwako: mtandao, faili, seva ya watu.

Mtandao ndo wenye kesi. UnknownHostException mara nyingi ni bando limeisha au data imezimwa, mwambie acheki. SocketTimeoutException ni mambo mengine kabisa, OkHttp (maktaba inayotuma maombi mtandaoni) usipoigusa inangoja sekunde 10 tu inakata tamaa, lakini ombi lako pengine lilishafika na seva ilishakata pesa, jibu ndo limepotelea njiani. Sasa kwenye malipo ya simu ukiandika "Imeshindikana, jaribu tena" atajaribu kweli, atakatwa mara mbili, na hapo ndo utamjua vizuri! Kila malipo yape namba yake kabla hujatuma, taimauti ikija iulize seva kwa namba ileile kama yamepita, skrini iseme "Tunahakikisha". Na hizo mbili ni watoto wa IOException, kwa hiyo catch zao zitangulie, ya mzazi iwe chini.

Kwenye korutini (kazi za Kotlin zinazoenda pembeni bila kugandisha skrini) ukidaka Exception nzima unadaka na CancellationException humohumo, nayo ni ishara tu kwamba kazi imesitishwa, hiyo irushe tena.

catch tupu, mabano mawili na hewa katikati, naichukia kuliko hata kukrashi, maana apu inanyamaza na wewe hujui kitu. Angalau andika kosa kwenye logi, Log.e("Malipo", "imegoma", e), hiyo e ya mwisho ndo eksepsheni yenyewe, usiisahau, ndo inakuonyesha mstari uliovunjika.

Kabla hujampa mtu apu, bonyeza Lipa kisha zima data hapohapo uone inasema nini.

Jana yule mama kaandika 5,000/=. Haikuzima, ilimwambia tu aandike namba, ila na huo mkwaju nimeenda kuuondoa.