Jinsi ya kuonyesha "Obaltan" kwa watazamaji wageni

Kwa Kikorea, "Obaltan" ni risasi iliyofyatuka bila shabaha. Yu Hyun-mok aliitengeneza filamu hii mwaka 1961 kutokana na hadithi fupi ya Yi Beom-seon iliyotoka 1959. Ukiiwasha tu bila maandalizi, nusu ya watu watakata tamaa kabla haijafika katikati. Si kwamba ni mbaya: hawakuambiwa wasikilize nini.

Inapatikana bure YouTube, kwenye chaneli ya Korean Classic Film ya hifadhi ya filamu ya Korea. Washa maandishi ya tafsiri ya Kiingereza na uyajaribu mapema kwenye skrini utakayotumia. Filamu inakaribia saa mbili, basi tenga saa tatu pamoja na mazungumzo, na uwe na bando la gigabaiti moja na nusu hivi. Ukumbi uwe na giza la kutosha, kwa sababu picha ni nyeusi na nyeupe, na vyumba vya familia hii vina mwanga hafifu.

Usitegemee spika za kompyuta. Ndani ya kibanda chao kuna mama mzee aliyerukwa na akili, naye kila mara anapaza sauti: "Gaja!" Yaani "Twende!" Waambie watu neno hilo kabla ya kuanza. Familia ilikimbia kutoka Korea Kaskazini, sasa inaishi Haebangchon, mtaa wa wakimbizi mlimani Seoul, na mama anataka kurudi kwao ambako hakurudiki tena. Neno hilo liliwakera hata wakaguzi wa serikali: filamu ilitoka Aprili 1961, mapinduzi ya kijeshi yakaja Mei 16, kisha ikapigwa marufuku. Kwa kuwa neno hilo lazima lisikike, usitafsiri juu kwa juu kwa kipaza sauti kama ilivyozoeleka kwenye vibanda umiza. Sauti yako itaifunika ya mama, na filamu itakuwa imekufa. Wale wasiosoma Kiingereza, wewe wasimulie kisa kwa dakika tano kabla ya kuanza, lakini mwisho usiuguse.

Majina huchanganya sana, hasa ya ndugu wawili. Andika ubaoni: Cheol-ho, kaka mkubwa, karani wa hesabu anayeumwa jino na hataki kutumia hela kulitibu, Yeong-ho, mdogo wake, askari wa zamani asiye na kazi, Myeong-suk, dada yao, anayeishia kujiuza kwa wanajeshi wa Kimarekani. Hao watatu wanatosha. Wengine watajitambulisha wenyewe.

Waombe watazamaji wamwangalie Cheol-ho anavyoshika shavu. Halalamiki, anashika tu. Kuna pia mahali watengeneza filamu wanapotaka kumwajiri Yeong-ho acheze askari majeruhi, kwa kuwa makovu anayo tayari, naye anawaka hasira. Hapo ndipo utaelewa kwa nini baadaye anashika bastola. Kama mapumziko ni lazima, simamisha kabla hajaenda benki. Ukikata baada ya hapo, kamba iliyokazwa inalegea na haikaziki tena.

Dakika za mwisho zinamkuta Cheol-ho kwenye teksi baada ya kung'oa magego, damu ikimtoka mdomoni. Wewe mwonyeshaji hesabu kimya anavyobadilisha safari: kwanza nyumbani Haebangchon, kisha hospitali, kisha kituo cha polisi. Kila mahali pana mtu wake, na hakuna hata mahali pamoja anapoweza kusaidia. Dereva anashindwa kumwelewa, na hapo jina la filamu linatamkwa. Kisha linarudi neno la mama, safari hii likitoka kinywani mwa mwanawe.

Usiwashe taa mara moja. Subiri dakika moja hivi, kisha uliza swali moja tu: teksi ilipaswa kwenda wapi?