Somo: Kugeuza shuka lililochakaa katikati

Shuka haliishi lote kwa wakati mmoja. Linaisha pale mabega na nyonga zinapolalia, yaani ukanda wa katikati, huku pande mbili zinazochomekwa chini ya godoro zikibaki na nguvu zake. Ukilikagua shuka ambalo nyumba imeshalihukumu kuwa matambara ya kudekia, mara nyingi utakuta zaidi ya nusu ya kitambaa ni kizima kabisa. Kukitupa kitambaa cha aina hiyo ni hasara ninayoisikia moyoni.

Tutalikata shuka katikati kwa urefu, tutavibadilishia vipande viwili nafasi, kisha tutaviunga upya. Kingo ambazo hazijachoka zitakutana katikati, na sehemu iliyochoka itahamia pembeni, itakakochomekwa chini ya godoro na isisuguliwe tena na mtu. Kwa cherehani ni kazi ya mchana mmoja. Kwa mkono, weka jioni kadhaa.

Ujuzi huu si mpya. Uingereza ilipokuwa kwenye mgawo wa nguo, kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949, serikali iliwahimiza watu watengeneze walichonacho badala ya kutafuta kipya, na kugeuza shuka kulikuwa miongoni mwa kazi zilizozoeleka majumbani. Kwetu sababu ni ya jikoni zaidi. Shuka huchanika bila kutoa taarifa, na pesa ya kununua jingine mara nyingi huchotwa kwenye fungu la chakula. Ukiliongezea shuka maisha, umeinusuru bajeti ya sokoni.

KABLA YA KUSHIKA MKASI

Lifue shuka, lianike, kisha mchana lishike mbele ya dirisha. Palipochoka, mwanga hupenya zaidi. Zungushia sehemu hiyo alama ya chaki. Halafu shika kitambaa kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono miwili, uvute taratibu kila upande. Nyuzi zikiachana au ukisikia mlio wa kuchanika, hapo pamekufa na patakatwa. Pakivumilia, hata kama ni pepesi, patabaki.

Usiruke jaribio hili. Lifanye pia karibu na kingo za pembeni, kwa sababu ndizo zitakazolaliwa miaka ijayo. Kingo nazo zikiachana, usiendelee. Na sehemu iliyokufa ikizidi theluthi ya upana wa shuka, mimi ningeacha pia, maana utakachopata ni shuka jembamba lisilochomekeka popote.

Sasa piga hesabu. Tuseme shuka lina upana wa sentimita 230. Kuunga katikati kutakula sm 1. Ukikata sm 8 zilizokufa kila upande, ni 16. Mapindo mawili mapya yatachukua sm 3 kila moja, jumla 6. Utabaki na sm 207. Godoro lenye upana wa sm 135 na unene wa sm 20 linahitaji sm 175 kufunikwa juu na ubavuni, hivyo zinabaki sm 32, yaani 16 za kuchomeka kila upande. Panatosha. Godoro likiwa pana zaidi ya hapo, afadhali shuka lihamie kitanda kidogo kuliko kulivutavuta kila usiku.

Vifaa ni vya kawaida: mkasi mkali, pini, chaki, utepe wa kupimia, pasi, uzi mwembamba na sindano mpya ya namba 80/12. Nasisitiza mpya. Sindano butu hukwaruza nyuzi zilizozeeka na kuacha vitundu kandokando ya mshono, na hapo ndipo shuka litakapochanikia tena.

KUKATA NA KUBADILISHA

Tandaza shuka, uso wake ukiwa juu. Chomeka pini mbili upande wa kichwani, moja kila nusu, ili baadaye usichanganye juu na chini. Likunje katikati kwa urefu, ukingo kwa ukingo, upige pasi kwenye mkunjo, kisha ufungue na kukata kufuata alama hiyo.

Wapo wanaopenda kuchana kwa mikono wakisema kitambaa hufuata uzi wake chenyewe. Kwa kitambaa kipya cha pamba ni kweli. Kwa kitambaa kilichochoka sikubaliani nao, kwa sababu mchano unaweza kukimbilia palipo dhaifu na kukuharibia kipande kizima. Tumia mkasi.

Kipande cha kushoto kipeleke kulia, na cha kulia kushoto. Visukume tu. Usivizungushe wala usivipindue. Pini zote mbili zibaki kichwani na uso ubaki juu.

KUUNGA KATIKATI

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa kuwa mshono huu utalaliwa. Lazima uwe bapa.

Angalia kingo mbili zilizokutana. Kama ni ukingo wa kiwandani, ule uliofumwa kwa kubana ambao haufumuki, una bahati. Lalisha ukingo mmoja juu ya mwingine kwa sm 1, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza, kwa uzi wa rangi tofauti, kisha shona mistari miwili, kila mmoja karibu kabisa na ukingo wake. Hakuna pa kukunja, na mkono ukipita juu yake hauhisi kigongo.

Kama pembeni pana pindo, lifumue kwanza na ukinyooshe kitambaa kwa pasi ya mvuke. Mapindo mawili yaliyolaliana yanaweza kufikisha matabaka 6, na hakuna atakayelala juu yake kwa raha. Baada ya kufumua, kingo zitakuwa wazi na zinazofumuka, kwa hiyo utatumia mshono wa mistari miwili kama ule wa mguu wa suruali ya jinzi. Weka vipande mgongo kwa mgongo, kimoja kikizidi kingine kwa sm 1. Shona mstari wa kwanza sm 1 kutoka ukingo wa kile kilichorudi ndani. Kunja ukingo uliozidi uufunike ule mfupi, laza vyote upande mmoja, piga pasi, kisha shona mstari wa pili ukingoni mwa mkunjo. Nyuzi zote za kufumuka zimefungiwa ndani. Njia hii hula sm 3 badala ya 1, kwa hiyo rekebisha hesabu ya mwanzo.

Njia yoyote utakayochagua, anza kubana kwa pini katikati ya urefu, halafu nenda kwenye ncha mbili, pini kila baada ya sm 15 hivi. Weka hatua ya cherehani kwenye milimita 2.5. Na shuka zima lilale juu ya meza au kiti kando yako. Likining'inia, uzito wake huivuta kazi na mstari hupinda hata kama mkono wako ni mtulivu.

PANDE MPYA

Kata sehemu iliyokufa pembeni, ile tu. Nyepesi iliyovumilia jaribio la vidole iache, itakuwa chini ya godoro. Kunja sm 1, piga pasi, kunja tena sm 2, shona. Kwenye ncha za mshono wa katikati, pale unapokutana na mapindo ya juu na ya chini, rudisha cherehani nyuma mara mbili au tatu ili pasiachie. Chomoa bandi.

Likishapigwa pasi, litandike.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, asante kwa somo. Wasiwasi wangu ni mshono kupita katikati ya mgongo. Mume wangu ana ngozi inayowasha kwa kitu kidogo tu, naogopa atanirudishia shuka siku hiyohiyo.

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, ndiyo maana nimekazania ubapa. Kwa kitanda cha watu wawili, mshono unaangukia katikati yao, wala si chini ya mgongo wa yeyote. Kwa kitanda cha mtu mmoja, tumia njia ya kulalisha ukingo wa kiwandani, na uzi uwe wa pamba mwembamba. Uzi mnene wa nailoni ndio unaokwaruza. Kama bado ana shida, mshono huo unaweza kukaa kwenye shuka la kujifunika, ambalo mwili haulikandamizi.

Swali: Mimi sina cherehani na sitarajii kupata karibuni. Je, mkono unatosha kwa mshono mrefu namna hii? Jioni ndiyo nafasi yangu pekee, na jioni hiyohiyo ndiyo ninayoitumia kusoma. Sitaki kuacha vitabu.

Jibu: Mkono unatosha kabisa. Tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele hatua moja, inarudi kuingia pale hatua iliyopita ilipoishia. Hatua zako ziwe ndogo, milimita 3 hivi. Kata uzi usiozidi sm 50, kwani mrefu zaidi hujisokota na kulika kila unapopita kitambaani. Ukifika mwisho wa uzi, funga kwa hatua tatu ndogo mahali pamoja. Usifunge fundo la kigongo.

Kuhusu vitabu, usiache. Kushona kwa mkono kunachukua macho na vidole, lakini masikio yako huru. Nyumbani kwangu mmoja akishika sindano, mwingine anasoma kwa sauti, na mara nyingi msomaji ni mtoto. Kusoma kwa sauti kunamfundisha kuzingatia nukta na mkato kuliko nitakavyomweleza mimi. Hadithi ndefu yenye sura fupi inafaa zaidi, maana sura moja inalingana vizuri na nyuzi mbili tatu. Ukiwa peke yako, gawa jioni: shona wakati mwanga wa mchana bado upo, soma taa ikiwashwa. Kitambaa cheupe na uzi mweupe chini ya taa dhaifu huumiza macho kuliko ukurasa wa kitabu.

Swali: Nimeshajaribu. Nilipofika mwisho, kipande cha juu kilizidi cha chini kama upana wa vidole vitatu, na shuka limekaa mawimbi. Kosa liko wapi?

Jibu: Meno ya cherehani yanavuta tabaka la chini, na mguu wake unalizuia la juu libaki nyuma. Kwenye mshono mfupi huoni tofauti, kwenye mshono wa zaidi ya mita mbili inajumlika. Fumua, piga pasi, bana kwa pini kuanzia katikati kwenda nje kama nilivyoeleza, kisha piga bandi juu ya pini. Legeza kidogo mkandamizo wa mguu kama cherehani yako ina skrubu yake. Usivute kitambaa kwa nyuma ili "kukisaidia". Kukivuta kunapinda sindano na kuzidisha mawimbi.

Swali: Shuka langu lina lastiki kwenye kona. Linageuzika?

Jibu: Kwa njia hii, hapana. Ukifumua kona zake unapata kitambaa chenye pembe nne zilizokatwa, na kazi inazidi faida. Mimi ningetoa foronya kwenye pande zake ambazo hazijachoka na kuihifadhi lastiki, ikiwa bado inavutika na kurudi.

Swali: La kwangu lina maua makubwa.

Jibu: Maua yatakatika katikati na hayatakutana. Likiwa na urembo wa pembeni tu, urembo huo utahamia katikati kama mstari, na wengine huupenda. Amua kabla ya kukata.

Swali: Bibi yangu alikuwa akishonea vifuko vya sokoni mabaki ya shuka. Vipimo vyake sivikumbuki. Unaweza kutusaidia? Na kweli vinapunguza matumizi, au ni unadhifu tu?

Jibu: Chukua kipande cha sm 27 kwa 68, kutoka sehemu iliyopita jaribio la vidole. Kikunje katikati mara moja, uso kwa uso, kiwe sm 27 kwa 34. Shona pande mbili ukiacha sm 1 ya mshono, lakini upande mmoja uishie sm 7 kabla ya ukingo wa juu. Pinda kingo ndogo za uwazi huo. Kisha pindisha mdomo wa kifuko sm 1, halafu sm 3, shona, na pitisha kamba. Unapata kifuko cha sm 25 kwa 30.

Vinapunguza matumizi ukivipa kazi. Pima kiasi cha kila kitu kikavu ambacho nyumba inakimaliza kwa wiki, halafu tengeneza kifuko kinachochukua kiasi hicho na si zaidi. Ukiwa dukani kifuko kikijaa, umemaliza, hata kama kuna punguzo la bei mbele yako. Punguzo linakufaa pale tu ambapo kitu ungekimaliza kabla hakijaharibika. Unaponunua kwa kupimiwa pia unalipia kiasi unachohitaji, hulazimiki kubeba pakiti kubwa kwa sababu tu kiwanda kimeifunga hivyo.

Pima uzito wa kifuko kikiwa kitupu na kikavu, uudarizi mdomoni kwa uzi wa rangi, na umwombe muuzaji autoe kwenye mizani. Vifue kila vinapokwisha kilichomo, uvikaushe kabisa kabla ya kuvijaza tena, maana unyevunyevu uliobaki kwenye pindo la kamba unatosha kuharibu unga wa wiki nzima.