Namna ya kumaliza kitabu na simu unayo

Nauza vitabu vya mitumba, meza yangu iko pembeni ya barabara pale Posta, Dar es Salaam. Wateja wananipa kilio kilekile: "Bro, zamani nilikuwa msomaji, siku hizi ukurasa wa pili tu nimeshashika simu." Ninawaelekeza hivi.

Simu itoke machoni kabisa. Kuizima sauti na kuilaza kifudifudi hakutoshi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin waliwapa watu majaribio ya akili, simu zote zikiwa kimya. Walioziacha chumba kingine waliwapita waliokuwa nazo mezani. Sasa utasema umepanga chumba kimoja Manzese, hicho chumba kingine ukitoe wapi? Mpe jirani, au iweke juu ya kabati, mahali ambapo lazima upandie stuli. Dada mmoja mteja wangu anaifungia kwenye hotipoti. Nilicheka, lakini mwezi huohuo alirudi kununua kitabu kingine.

Tafuta saa ya mkononi, hata ile ya bei chee ya Kariakoo. Watu wengi wanaponzwa na hili: anachungulia simu aone saa ngapi, anakuta meseji ya kikoba, anajibu, anapitia stetasi za watu, kitabu basi tena.

Anza na dakika kumi, usijipe kurasa hamsini. Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima muda ambao mtu anakaa kwenye skrini moja kabla hajarukia nyingine. Mwaka 2004 ulikuwa kama dakika mbili na nusu; vipimo vya miaka ya karibuni vikashuka hadi sekunde 47 hivi. Kwa hiyo dakika kumi mfululizo si haba. Zikizoeleka, ongeza.

Kuhusu kusoma kwenye simu yenyewe, siwezi kukukataza, na vitabu vingine hata mimi sina. Ila chagua. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 54 ulionyesha kwamba maandishi ya maelezo yanaeleweka zaidi kwenye karatasi, hasa muda ukiwa mfupi; kwenye hadithi tofauti haikuonekana. Basi riwaya soma humohumo kwenye simu, lakini zima data kwanza. Notsi za mtihani au mkataba wa nyumba, nenda steshenari ukatoe kopi.

Mwendokasi ya asubuhi kutoka Kimara isahau, pale hata mkono huinui. Nyumbani kukiwa na kelele, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ipo tangu 1967.

Halafu anza na kitabu chembamba. Kinene nitakuuzia, hela ni hela, lakini chembamba utakimaliza. Kikikuchosha kilete, ongeza kidogo nikubadilishie. Kisiwe tu na mafuta ya chipsi.